Siku moja na kamomila zenye kiu

Saa 11 na nusu alfajiri. Jua halijachomoza, nami nimeshaingia kwenye kitalu nyumba na mkasi wangu. Usiku mmea hurudisha maji uliyoyapoteza mchana, kwa hiyo jani ambalo limelegea hata alfajiri ndilo lenye kiu ya kweli. Kamomila zangu, mimea ya maua ya dawa, ziko makundi manne: zinazonyweshwa vizuri, zenye kiu, zilizopandwa kwenye udongo wenye kadimiamu (metali nzito yenye sumu), na zenye mateso yote mawili. Kundi hili la nne ndilo ninalolitazama kwanza kila siku.

Saa 1. Mizani. Kila chungu kinapimwa, kisha kinarudishiwa maji yaliyopungua tu. Walioshiba hupewa hadi asilimia 80 ya maji ambayo udongo wao unaweza kushika, wenye kiu asilimia 35. Mgongo unauma, lakini bila uzito huo neno "ukame" halina maana yoyote kwenye daftari langu.

Saa 3. Nimeweka vijani viwili mezani. Jani la kamomila ni jembamba kama uzi, na hili lenye kiu ni fupi, ncha zake zimekauka rangi ya kahawia. Maji yakipungua, mmea hutengeneza homoni ya asidi ya absisiki na kufunga vitundu vya kupumulia vya majani. Maji hayatoki tena, lakini kabonidioksidi nayo haiingii, basi mmea unadumaa. Hapohapo huzidisha kemikali za kujikinga, zikiwemo flavonoidi, ambazo ni sehemu ya uwezo wake wa kutibu. Ndiyo maana gramu moja ya ua lililopata kiu kiasi inaweza kuwa na dawa kali zaidi, ingawa mavuno yenyewe ni machache.

Nikisikia mtu anasifu mmea wa dawa kwa ukali wake, huwa nauliza: umeota kwenye udongo gani? Kadimiamu inafanana na zinki, na mizizi huipitisha kwenye milango ileile. Udongo ukiwa na asidi, inapenya kwa urahisi zaidi. Metali ya risasi kwa kawaida hukwama mizizini. Kadimiamu hupanda hadi kwenye majani na maua. Mmea wenye kadimiamu ya kutosha kumdhuru mtu unaweza bado kuwa wa kijani, unachanua na kunukia.

Saa 6 mchana, maabara. Sampuli za jana zilishayeyushwa kwa asidi ya nitriki, na spektromita, kifaa kinachopima metali kwa mwanga, imewekwa kwenye mawimbi ya nanomita 228.8, ya kadimiamu. Naanza na sampuli tupu, ile yenye asidi peke yake. Inapaswa kusoma karibu na sifuri. Inasoma kadimiamu! Nasafisha mrija, narudia, jibu ni lilelile. Baada ya saa nzima ya kutafuta naona tatizo: zile chupa za sampuli nilizisuuza kwa maji tu, sikuziloweka kwenye asidi ili kuondoa kadimiamu iliyonata. Vipimo 24 vyote vinafutwa. Nimeumia, lakini namba ya uongo kuhusu dawa ya mtu siwezi kuiacha ipite.

Saa 9. Mwanafunzi ninayefanya naye kazi ananiuliza, "Mwalimu, kwani maua yakichemshwa sumu haiishi?"

"Haiishi. Kadimiamu ni elementi, moto hauivunji. Hata ukiyakausha, kinachoondoka ni maji, kwa hiyo kila gramu inabaki na kadimiamu nyingi kuliko ilipokuwa mbichi."

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.3 za kadimiamu kwa kilo ya mmea mkavu wa dawa. Namwandikia hiyo 0.3 ubaoni. Anaitazama kwa muda, halafu anauliza kama kiu inazidisha kadimiamu au inaipunguza. Swali zuri sana. Mmea wenye kiu hunyonya maji kidogo, basi na kinachopandishwa na maji hayo kinapungua. Lakini mmea uliodumaa hauna mwili wa kutosha wa kukisambaza. Nguvu mbili zinavutana ndani ya shina moja, na kundi la nne ndipo zinapokutana.

Saa 12 jioni. Chupa zote zimelala kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10 hadi asubuhi. Maua makavu ya kundi la nne yaliyobaki yanatosha kurudia vipimo mara moja tu. Nimeyapima tena, nimeyafunga, nimeandika tarehe kwenye kifuniko.