Rangi isubiri: nilivyopanga ukaguzi wa jengo letu la zege

Jengo letu la ghorofa nne, Upanga, Dar es Salaam, ni la miaka ya 1970, na upepo wa bahari unalipiga mwaka mzima. Waliponikabidhi matengenezo, wakazi walitaka lipakwe rangi. Nikawaambia rangi isubiri.

Nilianza na ramani: nguzo, boriti na vibaraza vyote nikavipa namba. Bila hivyo, mwakani hujui ufa unaouona ni wa zamani au mpya. Ukaguzi mkubwa nikauweka mwezi wa sita, masika ikishakatika, maana mvua huwa imeshaonyesha maji yanapita wapi. Ukarabati hufuata kiangazi, uishe kabla ya vuli.

Kazi kubwa ilikuwa ya nyundo ndogo. Unagonga slabu kwa chini, hatua kwa hatua: zege zima hulia ngo, lililoachana hulia kama mtungi wenye ufa. Hapo nazungushia chaki na kupiga picha. Ukibandua unakuta nondo imevimba, kwa sababu kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, na ndiyo inayolisukuma zege lidondoke.

Mhandisi alichimba kidogo kwenye kona ya nguzo, akapangusa vumbi, akapulizia fenoftalini, dawa inayogeuka waridi penye alkali. Kwa ndani pakawa waridi: alkali inayolinda chuma bado ipo. Kwa nje hapakubadilika kitu: huko alkali imekwisha. Mweka hazina wetu, mama asiyetoa hela kirahisi, akauliza, "Injinia, hapo pasipo rangi pameingia kiasi gani?" Rula ikawekwa; palikuwa pameshafika kwenye nondo. Tangu siku ile hajapinga kazi, anapinga bei tu.

Tukatanguliza kinachoweza kumwangukia mtu, yaani vibaraza vilivyo juu ya njia ya watoto. Kisha paa, mabomba na tangi, kwani kuziba zege huku maji yanaendelea kuvuja ni kutupa saruji. Nondo zilizoliwa zikafuata. Fundi akasema, "Bosi, hapa plasta tu, panakaa." Nikakataa. Slabu iegemezwe kwanza, zege lichimbwe hadi nyuma ya nondo, kutu isuguliwe yote, na nondo iliyokonda iongezewe nyingine ndipo pajazwe.

Nyufa ambazo hatukuzigusa nimezibandika jasi na kuandika tarehe. Jasi ikikatika, ujue ufa bado unafunguka; mhandisi anaitwa wiki hiyohiyo, mwezi wa sita usingojewe.