Kubadilisha kifungo cha kidani cha lulu bila kukata uzi

Usifunge uzi moja kwa moja kwenye kifungo. Malizia kila ncha ya kidani kwa kipete cha milimita 5 au 6 kilichochomelewa. Hapo kifungo chochote chenye kulabu pande mbili kitaingia na kutoka bila kutunga lulu upya. Kipete kisichochomelewa kina mwanya, na uzi wa hariri ni mwembamba: siku moja utapenya. Kitanzi cha uzi nacho kivishwe waya laini wa msokoto, kisisagwe na chuma.

Kwa vidole vyenye baridi yabisi, hakuna kinachoishinda sumaku. Ila chagua yenye ukingo unaoingiliana, maana iliyo bapa huteleza ubavuni na kuachia, hasa kwenye bangili. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo aiepuke.

Kifungo cha pete na kijiti ni kizuri kukitazama, lakini kina ukorofi wake: lulu kubwa ikikaa jirani, kijiti hakipiti ndani ya pete. Tanguliza shanga tatu za milimita 3 kati ya lulu na kijiti. Vifungo vya kikucha, vile vinavyofunguliwa kwa kuvuta kiwiko kidogo kwa ukucha, vikiwa chini ya milimita 12 ni mateso tu.