Mpako wa Seramiki Juu ya Filamu ya Gari

Leo nimemaliza kupaka mpako wa seramiki, yaani kimiminika kinachokauka na kuwa utando wa kinga, juu ya filamu angavu ya plastiki inayolinda rangi, iliyofunika sehemu ya mbele ya gari langu, yaani boneti, bampa, madigadi na vioo vya pembeni. Nimeona niandike sababu za kuifanya kazi hii wakati bado ninazikumbuka vizuri, kwa kuwa karibu kila aliyenikuta nikiifanya aliniuliza swali moja: ikiwa filamu imekwisha kubandikwa, mpako ni wa nini tena?

Swali lenyewe ni la haki. Filamu ya poliurethani huwa na unene wa mikroni 150 hadi 200 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali mpako wa seramiki ukishakauka hubaki mikroni moja au mbili, na mara nyingi hata haufiki hapo. Kokoto lililorushwa na tairi la lori haliwezi kuzuiwa na utando mwembamba kiasi hicho. Linazuiwa na filamu, ambayo kwa ulaini wake hupokea pigo, ikabonyea, kisha ikarudi ilivyokuwa. Kwa hiyo muuzaji anayekueleza kwamba mpako utaiongezea filamu nguvu ya kuhimili mawe anakuuzia maneno. Ndivyo ilivyo pia kwa ile alama ya 9H inayochapwa kwenye visanduku vya bidhaa hizi: inatokana na kipimo cha penseli, ambapo penseli za ugumu tofauti husukumwa juu ya utando ili kuona ni ipi itakayoukwaruza, na wala haihusiani na kipimo cha Mohs kinachotumika kwa madini. Juu ya kitu laini kama filamu alama hiyo haina uzito wowote, kwa sababu kinachobonyea kwanza ni kile kilicho chini.

Mimi niliutaka mpako kwa ajili ya madoa. Filamu hunyonya vitu ambavyo vanishi ya gari huweza kuvistahimili kwa muda mrefu zaidi: lami, utomvu wa miti, masizi ya moshi, kinyesi cha ndege, na mabaki ya wadudu waliopondeka kwenye bampa. Vikiachwa juani huacha alama ya njano au ya kahawia ambayo kuosha peke yake hakuiondoi. Rangi yenye vanishi inaweza kupigwa polishi hadi doa lipotee, lakini filamu haikupi nafasi hiyo, kwa sababu tabaka lake la juu, lile linalowezesha mikwaruzo midogo kujifuta ikipata joto la jua au la maji ya moto, ni jembamba mno, na ukilisaga limekwenda. Hapo ndipo mpako unapopata kazi. Ndio unaotangulia kuguswa na uchafu, ndio unaochakaa, na ukichakaa baada ya miaka michache unapakwa mwingine bila kuibandua filamu, ambayo kwa aina zilizo bora huweza kudhaminiwa hadi miaka 10.

Utaratibu wa kazi hauna mjadala: filamu kwanza, mpako baadaye. Gundi ya filamu haishiki vizuri juu ya rangi iliyokwisha kufanywa telezi kwa seramiki, na hali hiyo huonekana hasa kwenye kona na mikunjo, ambako filamu huvutwa zaidi. Baada ya kubandika kuna kungoja. Filamu huwekwa kwa maji yenye sabuni kidogo ili fundi aweze kuitelezesha hadi ikae mahali pake, kisha maji hayo husukumwa nje kwa kipangusio cha mpira, lakini machache hubaki chini kama ukungu wa maziwa au viputo vidogo, na hutoka polepole kadiri siku zinavyokwenda. Wapo mafundi wanaoruhusu kupaka baada ya siku moja au mbili, na wapo wanaotaka wiki nzima. Mimi nilisubiri hadi ukungu wote ulipokwisha kwenye boneti, kwa sababu haraka haikuwa na faida yoyote kwangu.

Upakaji wenyewe ulikuwa wa taratibu. Gari likiwa limeoshwa na kukauka, kivulini, nilipangusa filamu kwa pombe ya isopropili iliyochanganywa na maji ili kuondoa mafuta. Tina sikuigusa, maana inaweza kuliharibu lile tabaka la juu. Kisha matone machache juu ya sponji iliyovishwa kitambaa laini, mistari ya kwenda na kurudi, halafu mistari ya kukatiza, sehemu ndogo kwa wakati mmoja. Baada ya muda mfupi mpako huanza kubadilika rangi na kung'aa kama upinde wa mvua, na huo ndio wakati wa kuupangusa kwa taulo ya mikrofaiba, kisha taulo ya pili iliyo kavu kabisa. Ukipitisha wakati huo, unabaki na kivimbe cheusi cha mpako uliokauka kabla ya kupanguswa, ambacho kwenye rangi ya kawaida ungekiondoa kwa polishi, lakini kwenye filamu ni kuomba tu kwamba mpako mbichi juu yake utakilainisha. Taa niliishika kwa mshazari na kuinama hadi jicho likawa sawa na boneti, maana uso wa filamu haujanyooka kabisa na mwanga hukatikakatika juu yake, kwa hiyo kivimbe hujificha kwa urahisi.

Kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni kingo. Maji ya mpako hupenda kukusanyika pale filamu inapoishia, na yakikauka hapo huacha mstari mweupe ambao baadaye hushika vumbi na kuonekana kutoka mbali. Nilikunja taulo hadi ikapata ncha nyembamba, nikaivuta kila mara kutoka juu ya filamu kuelekea nje, kamwe si kinyume chake, kwa sababu kupangusa ukiwa unaelekea filamu ndiko kunakoanza kuinua ukingo. Na wala mpako hauuzibi ukingo huo, hata kama watu wengi wanaamini hivyo. Gundi ndiyo inayoushika, basi.

Jambo moja nililitazama sana kabla ya kuchagua bidhaa: kama mpako utakuwa mgumu kupita kiasi, hautafuata filamu inapobonyea na kurudi, na mkwaruzo ulio ndani ya mpako wenyewe haujifuti hata filamu iliyo chini ikipona. Ndiyo sababu nilichukua aina iliyotengenezwa kwa ajili ya filamu, inayobaki na unyumbufu. Kwa mlango na paa, ambako hakuna filamu, nimetumia ya kawaida.

Sitarajii gari lisilohitaji kuoshwa. Kwa kweli matone yanayojikusanya vizuri juu ya mpako ndiyo yanayokauka na kuacha duara la chumvi za kalisi na magnesi pale maji yanapokuwa magumu, na mpako hauzuii hilo. Dawa yake ni kulikausha gari kwa taulo kabla jua halijafanya hivyo. Usiku huu gari liko ndani, kwa sababu mpako haupaswi kupata maji hadi kesho, na sabuni nitaiacha kwa wiki moja. Baada ya hapo ni shampuu isiyo kali, na mpira wa maji ya presha utakaa mbali na zile kingo.