Kisigino changu, ngazi ya jikoni na kilo 10 za mchele

Nianze na hasira. Hapa Mbeya kila mtu ni daktari wa kisigino. Konda wa daladala ya Uyole aliponiona napanda kama bata akaniambia nichemshe maji ya chumvi. Mama mmoja pale Mwanjelwa, nachagua zangu mitumba, akasema huo ni mfupa umeota. Shemeji akasema ni uzee, na nina miaka 38! Mchungaji wetu, ambaye namheshimu sana, akasema pumzika tu mwalimu, itaisha yenyewe. Hiyo ya kupumzika ndiyo iliyonipotezea muda kuliko zote, kwa sababu ilisikika kama akili.

Nafundisha shule ya msingi, na kwaya yetu ya kanisani mimi ndiye mwalimu wa stepu. Mwaka jana tulikuwa tunajiandaa kushuti video. Mazoezi yaliyokuwa Jumatano na Jumamosi yakawa kila jioni, kwenye sakafu ya saruji, tunaruka mpaka jasho linachuruzika. Kana kwamba haitoshi, nikajiunga na jogingi ya mtaani, wale wanaopandisha kuelekea mlima Loleza alfajiri. Nilitaka vigimbi vikaze kabla ya kamera.

Maumivu yalianza vidole viwili vitatu juu ya kisigino, kwa nyuma. Asubuhi, na ile baridi ya Julai, kutoka kitandani mpaka chooni nilikuwa nashika ukuta. Nikishatembea kidogo panaachia. Basi najiona nimepona, jioni naruka tena.

Nikapumzika wiki 3. Raha tupu, maumivu yakaisha. Siku ya kwanza ya kurudi mazoezini, wimbo wa pili tu, yakarudi na ndugu zake.

Ndipo nikapelekwa kwa bibi mmoja anayesifika kwa kuchua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, lete huo mguu."

Akapaka mafuta yenye harufu ya karafuu, akapapasa, akasema kamba imepanda, inabidi ishuke. Kisha akaweka dole gumba palepale penye uvimbe na kukandamiza kama anayetoa punje iliyogoma kwenye gunzi. Kwenye kwaya mimi naimba sauti ya pili, lakini siku hiyo nilifika sauti ya kwanza na kuipita. Mjukuu wake akaja kuchungulia. Bibi akaniambia nivumilie, nirudi mara mbili zaidi. Kesho yake mguu umevimba, nimevaa ndala za mume wangu kazini, na darasa la pili zima linaigiza ninavyotembea. Na nilikuwa nimelipa elfu ishirini hivi na jogoo.

Kilichonisaidia kidogo nilikigundua kwa bahati. Tulialikwa harusini, nikavaa viatu vya kisigino kirefu kwa ubishi tu. Ajabu, mguu hauumi! Wiki nzima nikaenda shuleni na viatu vya harusi, kwenye vumbi lile, walimu wenzangu wananitazama wanashindwa kuuliza. Baadaye nilielezwa sababu: kisigino kikiinuka, kano ya nyuma (ile kamba ya juu ya kisigino) haivutwi sana. Ni nafuu ya muda, siyo tiba, lakini mimi nilishaanza kupanga bajeti ya viatu vingine.

Kwenye duka la dawa walitaka kunichoma sindano ya stiroidi, dawa ya kushusha uvimbe, hapohapo palipovimba. Nilikuwa nimeshakaa kwenye kiti. Kilichoniokoa ni kwamba sikuwa na hela ya kutosha.

Mwisho nikafika hospitali, kitengo cha fiziotherapia. Kijana mmoja, nadhani ningeweza kuwa nimemfundisha darasa la tatu. Akanilaza kifudifudi, miguu inaning'inia, akaminya kigimbi. Unyayo ukacheza. Akasema vizuri mama, kano haijakatika, ingekuwa imekatika unyayo usingetikisika. Jina lake kano ya Achilles, ile kamba nene inayoshikiza kigimbi kwenye kisigino.

Halafu akaacha mguu, akaanza kuniuliza habari za kalenda. Mazoezi mara ngapi kwa wiki? Tangu lini? Mlima umeanza lini? Nikamtajia, na nilivyokuwa nataja nikaanza kuona aibu mwenyewe. Akauliza tena: kuna dawa yoyote umetumia karibuni? Nikasema ile sipro, nilimeza kwa ajili ya taifodi, wiki kama tatu kabla ya maumivu kuanza. Akaweka kalamu chini. Kumbe jamii ile ya dawa inaweza kudhoofisha kano, hata kuikata, na Marekani tangu mwaka 2008 karatasi zake za maelezo zinatakiwa kubeba onyo kali. Hakusema ndiyo iliyoniumiza, maana kuruka kwangu kulitosha. Ila siku hizi nikiandikiwa dawa nataja kano zangu kabla sijaulizwa. Na ile sindano ya stiroidi nayo, akasema, ikiingia kwenye kano hiyo inaweza kuiacha dhaifu mpaka ichanike. Nikashukuru umaskini wangu.

Tiba yenyewe ni ngazi. Unasimama kwa vidole ukingoni, unajiinua kwa miguu yote miwili, unahamishia uzito kwenye mguu mbovu, unashuka polepole mpaka kisigino kinapita chini ya ukingo. Kupanda tena unatumia mguu mzima. Mara 15, raundi 3, goti limenyooka. Halafu hivyohivyo goti limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, wiki 12. Piga hesabu, ni mara 180 kwa siku. (Anayeumwa palepale kano inaposhikana na mfupa asishushe kisigino chini ya ukingo. Alinisisitizia hilo, nami nawasisitizia.)

Nikamuuliza nani aliyebuni mateso haya. Akacheka. Ni daktari wa upasuaji wa Uswidi, Håkan Alfredson, aliyekuwa anaumwa kano hiyohiyo. Alitaka apasuliwe, bosi wake akakataa kwa kuwa angekosekana kazini. Akaamua kuitesa makusudi mpaka iharibike kabisa, wasiwe na la kufanya ila kumpasua. Ikapona! Mwaka 1998 akaandika habari za wakimbiaji 15 aliowapa zoezi hilo kwa wiki 12, na wote wakarudi kukimbia. Mtu wa ubishi kama mimi, nikamwamini papo hapo.

Maumivu unayapa alama 0 mpaka 10. Yakiwa chini ya 5 na kesho asubuhi yametulia, endelea.

Nyumba yetu haina ngazi ya maana. Nilianza na tofali la kuchoma, likabingirika, nikaanguka juu ya beseni la vyombo. Nikahamia kizingiti cha mlango wa jikoni, nimeshika fremu, uji unachemka pembeni. Ikazoeleka mpaka mwanangu wa mwisho akawa ananihesabia.

Wiki ya nne nikajiona simba. Tukawa na mkesha, Roho akashuka, nami nikaruka mpaka saa tisa usiku. Asubuhi alama 8. Kijana wa fiziotherapia hakunigombeza, alinirudisha wiki mbili nyuma tu. Mchezaji wa mpira akichechemea pale Sokoine, machela inakimbia. Sisi wa kwaya tunaambiwa tuongeze maombi, kana kwamba kano zetu ni za plastiki.

Zoezi likiwa jepesi unatakiwa ubebe mzigo. Nikachukua begi la shule la mwanangu, nikaweka mchele wa Kyela kilo 5. Baada ya wiki nikashangaa zoezi linazidi kuwa jepesi, nikamwambia mume wangu nguvu zimekuja. Kupima begi kwenye mizani ya mama wa genge: kilo 3! Dada wa nyumbani alikuwa anachota wa kupika, kwani kuna aliyemwambia ule mchele ni dawa? Nikajaza upya, nikafunga zipu kwa kufuli, nikapanda taratibu mpaka kilo 10.

Wiki ya 12 niliruka nyimbo zote sita. Siku ya kushuti niliamka alama 1, nayo nadhani ni baridi tu.

Mchana wake nikaupika ule mchele wote, nikawapelekea wanakwaya. Mama wa sauti ya tatu akaonja, akaninong'oneza, "Mwalimu, mchele wako mtamu, lakini mbona umejaa chenga hivi? Ulinunua wapi?"