Ukungu wa Buluu: Kumbukumbu ya Kuyakinga Macho kwenye Hadubini ya Fluoresensi

Jumapili ya kwanza

Nimeanza mradi huu nikiwa na hadubini ya shule iliyokwisha kutumika na tochi mbili za mionzi ya urujuanimno (UV), moja ya urefu wa wimbi wa nanomita 395 na nyingine ya nanomita 365. Nilitaka kuliona jani la mkoko. Nililibana katikati ya kipande cha karoti ili lisipinde, nikalikata kwa wembe mpya hadi nikapata utepe mwembamba unaopitisha mwanga. Klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, ikipigwa na urujuanimno huwaka nyekundu, na lignini, kitu kinachokaza kuta za mishipa ya jani, huwaka buluu; kuwaka huko ndiko kunakoitwa fluoresensi. Niliishika tochi ya 365 kwa mkono, nikaimulika slaidi kwa ubavu, kisha nikainamia lenzi ya jicho. Nyekundu niliiona. Hata hivyo, juu yake ulitanda ukungu wa buluu ambao haukuondoka nilipozungusha skrubu ya kulenga, wala nilipoifuta lenzi mara mbili kwa kitambaa cha pamba.

Ukungu ule haukuwa kwenye hadubini. Lenzi iliyo ndani ya jicho la binadamu hunyonya sehemu kubwa ya mionzi ya kati ya nanomita 315 na 400, na inapoinyonya, yenyewe huwaka kwa hafifu. Mionzi ilikuwa ikirudi kutoka kwenye slaidi na kwenye chuma cha jukwaa hadi machoni mwangu, na sampuli iliyokuwa ikiniwakia ilikuwa jicho langu mwenyewe. Nilizima tochi, nikaweka vitu kabatini.

Jumamosi iliyofuata

Mafundi wa kuchomelea wanayajua macho yanayowasha usiku kana kwamba yametiwa mchanga. Hiyo ni konea, ngozi angavu ya mbele ya jicho, iliyoungua, na hasa husababishwa na mionzi ya chini ya nanomita 315, ambayo tochi zangu hazitoi. Mionzi ya 365 haiwashi wala haiumi jioni yake. Inahusishwa na mtoto wa jicho, ambaye hukua taratibu kwa miaka, na kwangu mimi hilo linatisha kuliko mchanga wa mafundi. Nisitegemee pia kioo cha hadubini yenyewe, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia mionzi mifupi lakini hupitisha 365 bila shida kubwa.

Nimenunua kwenye duka la vifaa vya ujenzi miwani miwili ya kazi ya polikaboneti, plastiki ngumu, mmoja mweupe na mmoja wa rangi ya kaharabu, na bei ya yote miwili haikufikia ya chakula cha mchana cha watu wawili. Kabla ya kulipa nilitafuta alama kwenye fremu: U6 kwa miwani inayofuata kanuni za Marekani, au namba inayoanza na 2 au 2C kwa ile inayofuata kanuni za Ulaya, kwa kuwa alama hizo ndizo zinazohusu urujuanimno, ilhali nyingine zinahusu mambo mengine, kama vile vipande vinavyoruka. Miwani ya jua niliiacha kabisa. Giza la lenzi halimaanishi kwamba urujuanimno umezuiwa, na mboni ikishapanuka gizani huingiza zaidi kile ambacho hakikuzuiwa.

Jaribio lilikuwa la karatasi nyeupe ya kuchapishia, ambayo ina kemikali za kung'arisha zinazowaka buluu. Nilizima taa ya chumba, nikaiweka lenzi ya miwani kati ya tochi na karatasi. Kwa tochi ya 365, miwani mweupe uliacha kivuli cheusi chenye umbo la lenzi, safi kama kilichokatwa kwa mkasi. Kwa tochi ya 395, karatasi iliendelea kuwaka nyuma ya miwani ule ule. Polikaboneti huanza kupitisha mwanga karibu na nanomita 380 hadi 400, kwa hiyo kinachotosha kwa tochi moja huvuja kwa nyingine. Miwani wa kaharabu ulizizima zote mbili. Nilifikiri pia kupima kwa kamera ya simu, nikaacha, kwa sababu kamera nyingi zina chujio lao la urujuanimno ndani na zingenipa matumaini ya bure.

Ijumaa

Nimetoka msikitini nikakaa mezani bila kubadilisha kanzu, nikawasha tochi, na mkono wa kanzu ukawaka buluu hadi kiwikoni. Sabuni ya unga ina kemikali zile zile za karatasi. Sikujua kama nicheke au nisikitike, kwani wiki mbili nzima nilikuwa nahangaikia miwani na mionzi inamwagika meza nzima. Sasa hadubini inakaa ndani ya boksi la kadibodi lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, tochi imefungwa ndani yake, na nje nimebandika vipande vinne vya karatasi nyeupe. Kipande kikiwaka, pana tundu la kuziba.

Wiki ya tano

Kilichobaki ni kile kinachopanda kupitia mrija wa hadubini. Plastiki ya njano niliyokata kwenye faili la ofisi ilikuwa kosa: iliwaka yenyewe, kijani kibichi, ikaifunika picha yote. Tangu hapo kila chujio naliangalia kwanza peke yake chini ya tochi. Kipande cha lenzi ya kaharabu hakikuwaka, nacho sasa kimekaa chini ya lenzi ya jicho. Klorofili inapita vizuri, ila buluu ya lignini inapotea, maana kaharabu haichagui kati ya buluu ninayoitaka na urujuanimno nisioutaka. Kwa lignini natumia tochi ya 365 na chujio la UV la kamera ya zamani, lililofaulu jaribio la karatasi, na hapo siangalii kwa jicho bali kwa simu iliyofungwa juu ya mrija. August Köhler naye, mtaalamu wa hadubini wa Ujerumani, alipokuwa na hadubini yake ya urujuanimno huko Jena mwaka 1904, alipokea picha kwa kamera, kwa kuwa mionzi yake haikuonekana kwa jicho.

Leo

Nimeweka swichi ili tochi izimike boksi likifunguliwa. Niliitoa kwenye mlango wa friji bovu, nikaunga nyaya, nikafunga mfuniko, kukawa giza. Nikafungua, tochi ikawaka usoni. Ndivyo friji inavyotakiwa kufanya. Nilikuwa nimevaa miwani wa kaharabu. Kesho naifungua kipanya cha kompyuta kilichokufa, ambacho swichi yake hupitisha umeme inapobonyezwa.