Niliyojifunza kwa sheikh wangu nje ya darsa

Darsa za sheikh wangu nilizihudhuria miaka mingi, na daftari likajaa. Lakini yaliyonibadilisha niliyapata nilipoanza kufuatana naye katika shughuli zake za kawaida: kununua mahitaji ya nyumbani, kuzuru wagonjwa, kwenda mazikoni.

La kwanza lililonishika ni udhu wake. Hufungua bomba kidogo tu, maji yakatoka membamba kama uzi. Hukinga kiganja, hufunga, huosha uso taratibu, ndipo afungue tena. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, kiasi kisichofika lita. Hadithi hiyo nilikuwa nimeihifadhi zamani, ila kuiona mikononi mwa mtu ni jambo jingine kabisa. Nikaanza kutawadhia kopo dogo. Haraka zikaniisha palepale kwenye maji, na nikipiga takbira moyo umeshatulia.

Siku moja mtu alimsimamisha njiani akamshutumu kwa jambo ambalo najua hakulifanya. Sheikh alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusikia, Mwenyezi Mungu akulipe kheri," tukaendelea na safari. Ulimi uliniwasha kumuuliza mbona hakujitetea. Nikakumbuka Surat Al-Kahf, Khidhri, mja mwenye elimu ambaye Nabii Musa alimfuata ili ajifunze, alivyomshurutisha asimuulize jambo mpaka amwelezee mwenyewe. Nikanyamaza. Baadaye sana, tukizungumza mengine kabisa, akanigeukia: "Yule bwana alikuwa kafiwa. Hakuwa akisema na mimi."

Tangu hapo, mtu akinijia kazini kwa ukali, namwacha amalize kwanza. Mara nyingi dai lenyewe huwa dogo.

Simfanyi sheikh kuwa maasumu, mtu asiyekosea, na yeye mwenyewe hataki. Mwalimu anayetaka umtii hata katika asilolihalalisha Mungu, au umfiche mkeo mambo yenu, huyo ni wa kukimbiwa.

Alichonisisitizia zaidi ni muhasaba, yaani kuihesabu nafsi yangu, kabla ya kulala. "Usihesabu rakaa tu," aliniambia. "Jiulize umemjibu vipi leo mtu asiyeweza kukudhuru wala kukufaa." Swali hilo ninalo kila usiku, na mara nyingine jibu lake hunilazimu nishike simu nimwombe mtu radhi kabla sijalala.