Kahawa ipo palepale, kilichoondoka ni kashata

Kahawa chungu ya vijiweni hapa Ngamiani, Tanga, ni maji, buni iliyokaangwa ikatwangwa, tangawizi, na siku nyingine iliki. Basi. Sukari haimo, maziwa hayamo. Nalisema hili kwa sababu tangu nianze mlo wa paleo, kila mteja anayeingia bandani akakuta kikombe kando ya cherehani yangu ananihoji: "Si ulisema umeacha kila kitu?" Shoga yangu, kahawa sijaiacha. Nimeacha inavyoandamana navyo.

Kwa asiyeujua, paleo ni kula kwa kuwafuata watu wa kabla ya kilimo: nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, mizizi, nazi. Nafaka hapana, mikunde hapana, maziwa hapana, sukari ya dukani hapana. Mwaka 1985 Boyd Eaton na Melvin Konner waliandika kuhusu chakula cha watu hao katika jarida la New England Journal of Medicine, na mjadala ukashika kasi. Mimi sikuingia kwa kusoma jarida. Mdogo wangu aliyeko Dar alinisumbua wee, mpaka siku nilipojizungushia kiunoni futi ninayopimia wateja. Ubishi ukaishia hapo.

Kwa mtu wa Tanga, samaki na muhogo vipo na machungwa ya Muheza yapo, kwa hiyo tumbo halilii. Panapouma ni kwenye mahamri kwa mbaazi, na kwenye maziwa. Huu ni mji wa maziwa jamani, mpaka Dar wanakunywa ya kwetu.

Tena kuna kashata. Babu wa kahawa hupita mtaani kwetu baada ya alasiri, dele, lile birika la kahawa, juu ya jiko la mkaa mkono huu, vikombe mkono ule akivigonganisha, unamsikia kabla hujamwona. Kashata ya nazi inanikwaza kwa sukari tu. Ya karanga ina makosa mawili, maana karanga ni jamii moja na kunde na maharage. Haimo kundi la korosho kama wengi tunavyodhani. Nilipomweleza babu, akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, kahawa bila kashata ni adhabu." Nikamwambia, "Basi babu, nimiminie adhabu yangu." Siku hizi naweka tende kwenye kopo, naitoa kokwa, natia korosho mahali pake. Tende nayo ni sukari, usijidanganye ukamaliza kopo.

Wapo wanaobisha kwamba mtu wa zama za mawe hakunywa kahawa, kwa hiyo nayo itoke. Ni kweli hakuwa na birika. Lakini buni ni mbegu ya tunda la msituni, kahawa ya arabika asili yake ni Ethiopia, na Wahaya wa Kagera wanajua kuchemsha buni za robusta na majani yenye harufu, wakazikausha na kuzitafuna, mgeni akakaribishwa nazo. Hicho ni chakula kilichokaribia mti kuliko vingi ninavyoviona madukani vimeandikwa "asilia". Mimi naihesabu halali, na wengi wanaofuata paleo wanaihesabu hivyo.

Sasa kwa anayetaka kahawa nyeupe. Nazi ndiyo maziwa yetu, ila tui lina tabia yake. Chukua nazi kavu, ikune kwa mbuzi taratibu, usifike kwenye ile ngozi ya kahawia, inachafua rangi. Tia maji ya uvuguvugu kidogo sana, kamua kwa nguvu, chuja kwa kitambaa. Hilo tui la kwanza ndilo la kahawa. Ukilimimina likiwa baridi kwenye kahawa inayotokota, linakatika: juu yanaelea madoa ya mafuta, chini yanazama mabonge, na kikombe hakitamaniki. Lipashe moto kwanza huku unakoroga, lisichemke, kiasi cha kidole kuvumilia. Kisha mimina kahawa ndani ya tui kidogo kidogo, si tui ndani ya kahawa. Kahawa iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi haina uchachu mwingi, kwa hiyo inapatana nalo zaidi. Kipande cha mdalasini kikichemka humo, hutaulizia sukari.

Tui la unga la pakiti soma nyuma kabla hujalipa. Mengi yana maltodekstrini, yaani wanga uliosindikwa, na mengine yana kaseini, ambayo ni protini ya maziwa yaleyale unayoyakimbia. Zile kahawa za vipakiti zenye kila kitu ndani ndizo kabisa, mara nyingi sukari hutangulia kwenye orodha. Kahawa ya kopo iliyo kahawa tupu haina neno.

Wamarekani wengine hutia siagi kwenye kahawa, na wanapaleo wengi wanaruhusu samli kwa kuwa ile protini ya maziwa imeshachujwa. Nimejaribu na samli ya kienyeji. Harufu ya biriani asubuhi yote! Samli yangu imerudi kwenye kikaango.

Asali natia, kijiko cha chai, tena si kila siku. Mdogo wangu hataki kuisikia. Namkumbusha kwamba Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao watafiti wa chakula cha wawindaji hawaishi kuwatolea mfano, wakiona mzinga wa nyuki hawaupiti. Hapo anabadilisha mazungumzo.

Wajawazito wanaokuja kushona madera huniuliza kuhusu wao. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitoa maoni mwaka 2015: mtu mzima mwenye afya, miligramu 400 za kafeini kwa siku hazina wasiwasi, mjamzito asizidi 200. Ya kijiweni hakuna aliyeipima, kwa hiyo mimi huwaambia kikombe kimoja na wamuulize mkunga.

Joto la Januari na Februari likipanda, loweka kahawa iliyosagwa kwenye maji baridi usiku kucha ndani ya friji, asubuhi chuja kwa kitambaa. Uchachu wake ni mdogo, na tui halikatiki kirahisi. Tui lenyewe ligandishe kwenye trei za barafu, maana kwa joto letu likikaa nje tangu asubuhi, jioni limeshachacha. Vipande viwili kwenye glasi vinatosha. Nazi moja kahawa haiimalizi, tui linalobaki lipikie samaki.